Ghala la Alizeti Lililofunguka Siku Moja

Mungaa,
Ikungi, Singida.
3 Desemba 2024

Mpendwa dada Loyce,

Shikamoo. Habari za Tukuyu na mvua zenu? Kifua cha shemeji Laurian kimetulia? Huku tuko hai, ila mimi nimechoka mwili na akili.

Uliniuliza habari za ghala la kikundi chetu cha wakulima. Unatujua: alizeti ikipanda bei, kijiji kizima kinalima alizeti. Bei ikianguka wote tunaiacha, na inapopanda tena hatuna kitu. Kwa miaka niliyokaa kwenye mitambo ya maji, ugonjwa huo ninaufahamu. Kipimo cha tangi kikichelewa kusoma, fundi hufungulia maji kupita kiasi, kisha hufunga kupita kiasi. Dawa yake ni kurekebisha kidogo kidogo na mapema. Nikawashauri tuuze sehemu ndogo kila mwezi, bei iwe juu au chini, na nyumba yoyote isizidishe kulima wala isiache kabisa. Walikubali, wakanipa uenyekiti.

Ilikwenda vizuri hadi Oktoba. Ndipo Scola, mke wa binamu yetu Hosea, akaanguka kwa maumivu ya tumbo, ikabidi apasuliwe haraka. Hosea akaja kuomba magunia yake yote. Nikamweleza utaratibu wetu, pamoja na ule mfano wa tangi. Akanitazama.

"Stefano, mke wangu si tangi."

Nikafungua ghala. Hadi jioni wengine walishajaa mlangoni, huyu na karo, yule na paa lililoezuliwa, wengi kwa hofu tu ya kubaki nyuma. Ningemkatalia nani? Wanunuzi walipoona magunia yote barabarani, wakashusha bei. Ghala likabaki tupu.

Tangu hapo nilikuwa nakwepa watu, hata kanisani nakaa nyuma.

Scola amepona, namshukuru Mungu. Juzi tulikuwa na mkutano wa kabla ya kupanda, nami nilikwenda kujiuzulu. Kabla sijafungua mdomo, Scola akasimama, mkono tumboni penye mshono. Akasema tuanze tena, ila kila nyumba itenge gunia la ugonjwa, lisiguswe kwa jambo lingine. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Shemeji, mtambo wako unakubali hilo?"

Nikajikuta nasema unakubali. Basi nimebaki mwenyekiti, dada, sina nguvu wala kisingizio.

Msalimie shemeji, na mwanenu Jenipher pia. Mama mdogo Luciana anawakumbuka sana. Mungu awafunike huko kwenye baridi.

Mdogo wako anayekupenda daima,
Stefano