Mpira wa Kupumulia

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kwa hasira, na kibanda changu cha ufundi hapa Msambweni kinanuka oili na udongo mbichi. Leo sikushika kazi ya mteja. Nimekaa juu ya tairi na simu mkononi, naandika, nafuta, naandika tena.

Nina aibu. Nianze hapo, maana nikizunguka sitafika.

Wiki mbili zilizopita niliweka picha ya injini kwenye ukurasa huu huu, mkaiona. Ni ya gari dogo jeupe la dada yangu Mwanasiti, la zamani lakini lina matunzo. Injini tupu, safi, vyuma vinang'aa. Chini yake nikaandika kwa mbwembwe: "Kisichosukuma gari, toa." Maneno hayo niliyaokota nikiwa kijana kwenye karakana ya kiwanda cha sukari kule Ramisi, na tangu hapo nimeyashika kama dini. Mkanisifu weee. Mmoja akaandika, "Fundi ni wewe, wengine waganga njaa." Niliisoma sentensi ile mara nne.

Dada hakuniomba kazi ile. Aliniletea gari kwa sababu mkanda wa kiyoyozi ulikuwa ukipiga kelele, na harusi ya binti yake Riziki ilikuwa imekaribia. Mkanda ungebadilishwa kwa nusu saa. Mimi nikatoa kiyoyozi kizima, kompresa na mabomba yake yote. Mkono ulipokolea nikaendelea na vile vidude vya kuzuia moshi mchafu: kopo la kunyonya mvuke wa petroli, vali ya kurudisha moshi, na ule mpira mnene unaochukua pumzi ya injini na kuirudisha ndani ikaungue. Pumzi ile ni moshi wa oili, na injini ikichakaa huwa mwingi. Nikauachia utokee chini ya boneti, nyuma kabisa, karibu na kioo cha mbele.

Dada aliuliza jambo moja tu. "Ndugu yangu, na baridi je? Mwali atakaa vipi na vioo vimefungwa?"

"Feni si ipo, dada? Upepo wa bahari ni wa bure."

Hata sikuinua uso nilipomjibu. Sikio la kufa.

Kwetu sisi Wadigo, siku ya harusi mjomba ni mtu mkubwa. Riziki ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, basi nani mwingine angemwendesha? Nilivaa kanzu mpya na kofia iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Ukweli ni kwamba siku ile nilijiona zaidi ya bwana harusi.

Jumamosi baada ya adhuhuri tukatoka kwenda kwa wakwe, Matuga. Nyuma amekaa Riziki ndani ya shela, na ubavuni mwake Bi Zainabu, somo yake, aliyemfunda. Vioo vimepandishwa mpaka juu, maana mwali haonekani njiani. Wala hasemi. Akilia, hiyo ni heshima kwa waliomlea.

Tulipofika Ukunda nikasikia kwikwi. Moyo ukanijaa.

"Lia, mwanangu, lia," nikamtania. "Ukicheka watasema ulikuwa umetuchoka."

Bi Zainabu akacheka. Nikafungulia feni mpaka mwisho ili mtoto apate upepo. Feni ile huvuta hewa chini ya kioo cha mbele, yaani pale pale nilipouachia moshi wa oili. Mimi sikusikia harufu yoyote. Pua yangu imelala na oili miaka na miaka, na nguo za mwali zilikuwa zimefukizwa udi.

Riziki ana pumu tangu utoto. Nilijua. Alipokuwa mdogo nilishawahi kumbeba mgongoni mpaka hospitali, anakoroma shingoni mwangu.

Kombani tukakata kushoto, tukaanza kupanda. Mbele lori la mchanga, injini inaguna, mimi nakanyaga. Kwikwi zikawa nyembamba, zinapiga mluzi. Nami, mpumbavu, nikaongeza utani. Nikamwambia asiyamalize machozi yote, amwachie na mama mkwe kidogo.

"Simamisha gari!" Bi Zainabu akapiga ukelele. "Mjomba, huyu halii! Huyu hapumui!"

Midomo ya Riziki ilikuwa imebadilika rangi. Tukamtoa. Bibi harusi wa watu, kichwa wazi, amepiga magoti kwenye majani kando ya barabara na watu wanatazama. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku limetangulia Matuga na gari jingine. Nikamrudisha ndani, nikashusha vioo vyote, nikakimbiza gari mpaka zahanati. Wakamwekea mashine ya mvuke. Nilisimama mlangoni nahesabu pumzi zake. Alhamdulillahi, zikarudi moja moja.

Nilipotoka nje nikafungua boneti, maana injini ilikuwa imechemka. Moshi wa oili ukanipiga usoni.

Hapo nikajua. Nikaifunga boneti polepole.

Ndani, muuguzi alikuwa akiuliza ni kitu gani kilichomchokoza. Bi Zainabu na wanawake wa harusi waliotufuata mbio wakajibu kwa pamoja: udi. Bi Mwanakombo aliyemfukizia nguo kauzidisha udi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, na nikanyamaza.

Dada alipofika alinishika mikono yote miwili. "Bila wewe ningemzika mwanangu," akasema. Nikamwambia amshukuru Mungu. Kweli nilisema hivyo, kwa kinywa hiki.

Harusi ilifanyika kesho yake, salama. Lakini Bi Mwanakombo hakupona midomo ya watu. Huyu ni mama mtu mzima, jirani yetu, aliyewafukizia nguo maharusi wa mtaa huu tangu mimi sijaota ndevu. Sasa wanamwita muuaji nusu. Alikwenda kwa dada kuomba radhi, akapokelewa mlangoni, hakukaribishwa kiti.

Juzi akaja hapa kibandani na chetezo chake cha shaba ndani ya kanga. "Chukua, mwanangu," akaniambia. "Fundi hakosi kazi ya shaba. Mimi sifukizi tena, nisije nikaua mtoto wa mtu."

Nikakipokea. Nikamwambia ahsante, mama.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya injini aijuaye fundi. Nilidhani itaishia kwangu. Leo asubuhi Riziki akanipigia simu kutoka ndani kwake, bado yuko kwenye fungate, hatoki wala hapati habari za huku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kifua?"

"Kizima." Akashusha sauti. "Mjomba, ile harufu ya oili niliisikia tangu Gazi. Nilitaka kusema. Nikaona nitakuaibisha mbele ya Bi Zainabu, na ile ilikuwa siku yako. Usimwambie mama, atakukasirikia bure."

Bure!

Mtoto alikubali kukosa pumzi ili kofia yangu isiinamie upande. Nilikata simu nikalia, mimi mzee mzima, na fundi wa baiskeli wa jirani akajifanya anatafuta spana.

Kisha nikaenda kwenye debe la vyuma chakavu nikautafuta ule mpira, nikaupata. Gari bado liko hapa, nilimwambia dada naliangalia. Nikaurudisha mahali pake kwa vibano viwili na dakika kumi. Kiyoyozi nacho nitakirudisha, ila hicho kitachukua siku.

Dada husoma ninayoandika hapa, kwa hiyo haya sitayabandika kwanza. Kuna milango miwili ya kupiga hodi, na nitaanza na ule mdogo, wa Bi Mwanakombo. Nimekisugua chetezo chake kwa ndimu na jivu, nimekifunga kwenye kanga ile ile. Ataniuliza kwa nini namrudishia.

Mkiyasoma haya, jueni nimekwisha kumjibu.