Uliponiuliza Nani Amekufa

Mpendwa mama,

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani Musoma, bado nimevaa sare ya shule. Baba alisafiri mara mbili kuja Mwanza ili akueleze jambo hili kwa mdomo wake, na mara zote mbili alirudi akisema alikukuta unakula vizuri, hakutaka kukuharibia. Sasa ameniambia niandike mimi. Mama mdogo, aliyenipokea zamu ya kukuuguza, ndiye atakayekusomea, kwa sababu najua macho yako bado hayatulii kwenye mistari. Dokta ameruhusu.

Uliniambia hukumbuki jinsi ulivyofika hospitalini. Ulikuwa umekwenda Manyamanyama kumsalimia mama mdogo. Wiki ile mabasi hayakuwa na dizeli, ukirudi ukapanda lori la pamba pale Bunda, na wakati wa kushuka ukateleza, ukagonga kichwa kwenye chuma. Ulifika nyumbani ukicheka. "Kichwa kimebeba ndoo tangu utoto," ulisema, "kitavunjwa na lori?" Hata baba alicheka.

Baada ya wiki tatu ulianza kukosea majina ya vitu. Kijiko ulikiita ufunguo. Siku uliyomwita sangara kwa jina la ningu, niliogopa kweli, maana samaki wa ziwa hili hujawahi kuwakosea. Wewe ndiye uliyenifundisha, mwaka ule mafuta ya kula yalipoadimika, kwamba sangara hukaangika kwa mafuta yake mwenyewe. Ulisimama jikoni ukamsifu: "Huyu samaki ni mwanasiasa. Anajitegemea!" Kisha mkono wako wa kulia ukaanza kuangusha vikombe. Dokta wa Mwanza akasema damu imejikusanya ndani ya fuvu na inaubana ubongo, lazima watoboe waitoe.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya majuma mawili nije kukuuguza. Siku ya tatu baada ya upasuaji nilikuwa nakulisha uji wa unga wa njano. Ukainua mkono wa kushoto, ukapapasa bandeji, ukashuka mpaka kisogoni. Ulikuta hakuna nywele. Ukaacha kumeza. Uji ukakutoka pembeni mwa mdomo.

"Nani amekufa?" ukauliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lako la kwanza tangu wakupasue.

"Hakuna, mama. Dokta ndiye aliyekunyoa, apate kufanya kazi yake."

"Usinidanganye. Kwetu hatunyoagi bure. Tunanyoaga tukishazika."

Yule mama wa Ukerewe wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa tumbo, akadakia: "Dada, mimi wameninyoa mpaka pasipotajwa. Haya, niambie nimefiwa na nani?" Wodi nzima ilicheka, na sista naye akageukia dirishani. Wewe hukucheka. Ulifunga mdomo, na siku mbili hukukubali hata maji kutoka mkononi mwangu. Sista akaniambia usipokula watakurudishia mpira wa puani.

Ndipo ulipoanza kuwataja mmoja mmoja. Baba yenu? Mzima, nikajibu, jana kaondoka hapa. Wadogo zako? Wazima. Mama mdogo? Mzima, na mtoto wake. Kisha ukasema, "Na mama yangu?"

Nikasema, "Bibi yupo Butiama, mzima kabisa." Nikaweka mkono juu ya Biblia ya sista, nikaapa. Ukafungua mdomo, nikakulisha kikombe kizima, na mimi nikafurahi kuliko siku niliyofaulu darasa la saba.

Mama, bibi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Alifariki asubuhi ileile waliyokupasua. Hakuugua muda mrefu, kifua tu, na alikuwa akiuliza habari zako. Mimi sikujua nilipoapa. Baba alijua tangu siku ya kwanza, akaogopa kuniambia kwa sababu uso wangu unasomeka wazi kama ubao. Aliniambia Jumapili iliyofuata, nje ya wodi, huku ameshika chupa ya chai. Nilirudi ndani, ukanitazama, ukasema, "Umelia?" Nikasema ni moshi wa jiko la kule nje.

Kiapo kile Mungu atakisamehe, kwa kuwa sikujua. Ninachokuomba wewe unisamehe ni huo moshi, na siku tisa zilizofuata. Kila nilipokufuta kisogo kwa maji ya uvuguvugu nilijua kwamba ulikuwa umeuliza swali la haki, sote tukakuona umechanganyikiwa.

Kule Butiama hawajamaliza matanga. Unajua mwenyewe kwamba mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kunyolewa, na wa kwanza ni wewe. Mjomba alisema uhesabiwe umenyolewa, kwani wembe ulipita siku ileile. Shangazi yako mkubwa akamkatalia: "Wembe wa hospitali hauna habari na marehemu! Huyo alinyolewa kama mgonjwa, hakunyolewa kama mtoto." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wamekubaliana kukungoja. Kwa hiyo hakuna mtoto wa bibi aliyenyoa. Mfungue mama mdogo kitambaa chake utaona. Amekaa na nywele hizo pembeni mwako akizungumza habari za mvua.

Nyumbani hatujambo. Siku hizi sukari ipo madukani mtaa wa Mukendo bila foleni, nitakuletea. Kila nikitoka shule natamani kukusimulia jambo, halafu naona kiti chako. Lakini baba anasema juzi ulishika kijiko kwa mkono wa kulia na ukakiita kijiko. Nimeandika habari hiyo nyuma ya daftari langu la hesabu, na naisoma mwalimu anapogeuka.

Nilimuuliza dokta kabla sijaondoka kama kulia kunaweza kufungua mshono wa kichwa. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, akasema, "Binti, hapana." Basi mama, lia. Mama mdogo naye, akifika mstari huu, aiweke barua chini alie na wewe. Amengoja siku nyingi.

Nitakuja shule ikifunga.

Ni mimi binti yako mkubwa, mjukuu wa bibi,
Nyangeta