Kioo cha Nukta Nyingi

Lemon Gaba, Juba
6 Juni 2016

Mwanangu Tisa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku tuko tamam, isipokuwa magoti yangu na mvua inayonyesha inapojisikia. Wewe je, duka la dawa halikuchoshi?

Simu yangu imeharibika, kwa hiyo namtajia maneno shangazi yako Natalina, naye anaandika kwenye yake.

Kanisa limekubali kuchapa nyimbo za marehemu mama yako, zile alizotunga tukiwa wakimbizi Adjumani, Uganda. Ziko arobaini kwenye madaftari. Wanazitaka kwenye kompyuta kabla ya Agosti kwisha. Huko Nairobi nitafutie laptop yenye kioo kizuri. Usichelewe.

Baba yako,
Ezbon

Nairobi
10 Juni

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi inaenda.

Nimezunguka maduka matatu. Kuna kioo cha 1366 kwa 768, na kingine cha 1920 kwa 1080. Hizo ni nukta zinazochora picha. Zikiwa nyingi herufi hazina ukungu, ila zinatokea ndogo mpaka uzikuze. Nimeandika jina la mama kwenye vyote viwili nikarudi nyuma hatua tatu. Cha pili kilisomeka vizuri zaidi, lakini lazima kiagizwe. Macho ni yako, baba. Miwani bado inakutosha? Niambie nisije nikakosea.

Binti yako,
Tisa

Juba
17 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Nukta, nukta! Nimefundisha miaka thelathini kwa ubao uliopasuka. Chukua yoyote, mradi ifike. Kila asubuhi naamka nikiisikiliza barabara kana kwamba itakuja yenyewe kwa miguu.

Macho hayana shida. Shangazi yako anataka kuongeza neno hapa, nimemkataza.

Baba yako

Nairobi
28 Juni

Baba,

Hamjambo wote? Mimi nipo, ila usingizi umenikimbia.

Nimechagua kioo cha nukta nyingi. Usinikasirikie. Itapanda ndege, na Alhamisi tarehe 7 itakuwa Juba. Lakini wanaotoka huko wanasema hali inachafuka. Na shangazi alitaka kuniambia nini? Macho yako vipi, baba? Jibu hilo.

Binti yako

Juba
7 Julai

Mwanangu,

Salamu. Tumeshinda uwanja wa ndege tangu asubuhi. Mzigo umeshuka, karatasi haijapigwa muhuri. Wametuambia turudi kesho Ijumaa, alasiri. Natalina anasema barabarani leo askari ni wengi kuliko watu. Nimemwambia kesho tutaenda hata hivyo.

Baba yako

Nairobi
9 Julai

Baba, mko wapi? Redio inasema watu wamepigana Juba jana jioni. Mlikwenda uwanjani? Shangazi, kama unasoma, nijibu wewe.

Tisa

Nairobi
12 Julai

Baba,

Simu haiiti kabisa. Kazini nimempa mteja dawa ya mtu mwingine, wamenirudisha nyumbani. Hapa nyumbani nafanya nini? Nakaa, nasimama, natazama simu.

Ningechukua kile kioo cha kwanza, mzigo ungefika Juni, na Ijumaa msingekuwa na safari. Mimi nikakaa nachagua nukta. Acheni hiyo kompyuta. Niandikieni neno moja tu.

Binti yako

Juba
15 Julai

Mwanangu,

Tuko hai. Natalina amechubuka mkono, basi. Mtandao umerudi leo.

Ijumaa tulikuta wamefunga mapema. Tulikuwa mtaa wa Buluk, tunarudi mikono mitupu, risasi zilipoanza. Watu wakakimbia. Natalina akapiga kelele, "Kulia, kaka! Kuna mlango kulia!" Mimi sikuuona mlango. Niliona weupe tu, kama maziwa kwenye glasi. Nikasimama katikati ya barabara kama nguzo. Alikuwa ameshaingia, akatoka tena, akanivuta kwa mkanda wa suruali. Mwenye nyumba, Saturnino, fundi viatu, hatujuani naye. Ametulaza sakafuni kwake siku nne na kutugawia uji wa watoto wake.

Nadhani umeelewa. Simu yangu haijaharibika. Tangu Januari siwezi kuisoma. Nilidhani kioo kizuri kitanirudishia herufi. Nilikuficha kwa sababu ungeniita Nairobi kwa daktari, na mimi nimechoka kuwa mgeni katika nchi za watu.

Jana tulichukua mzigo, haukuguswa. Nikawasha. Natalina akakuza herufi mpaka moja ikajaa kioo kizima. Sikuijua ni herufi gani.

Nisamehe.

Baba yako

Nairobi
16 Julai

Baba,

Asante Mungu. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena. Shangazi angekufa barabarani kwa ajili ya siri yako.

Nimeongea na daktari wa macho. Weupe wa namna hiyo mara nyingi ni mtoto wa jicho, hutolewa kwa upasuaji, ila lazima akuone mwenyewe. Ndege zimeanza kuruka. Njoo wiki hii, pamoja na shangazi. Huji ugenini. Unakuja kwa mtoto wako.

Binti yako

Juba
29 Julai

Mwanangu Tisa,

Nakusalimu. Umepiga simu mara nne kuniita mkaidi, na kila mara nimekubali. Sikuweza kuondoka kabla ya hili.

Natalina amejifunza kupiga chapa kwa vidole viwili. Mimi naimba, yeye anaandika, majirani waliobaki wanaitikia. Kioo anakisifu, anasema herufi ni kali hata jua likiwa mlangoni. Nyimbo thelathini na mbili kalas, zimekwisha, ziko kanisani.

Nane zimenitoka kichwani. Ziko kwenye daftari la kijani, lakini Natalina ameshindwa mwandiko wa mama yako. Unaukumbuka, kama kuku anayekimbia. Mimi peke yangu ndiye niliyeuweza.

Tunapanda ndege Jumanne. Daftari nalibeba mkononi, silitii kwenye mzigo. Mwambie daktari asinicheleweshe, kuna kitu nataka kusoma.

Baba yako,
Ezbon