Chumba cha Betri

Dada yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na shemeji kile kifua kiwe kimemwachia. Mama anaendeleaje na miguu? Mimi huku Tunduma mwili ni mzima, ila moyo umechafuka. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanikatisha, na hili nataka ulisikie lote.

Kazi ya kufunga sola haijanipungukia. Mwezi juzi mfanyabiashara mmoja wa hapa, Ambokile, alinichukua hadi kwao Isongole, nikafunge kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba yake. Nyumba ya zamani: tofali za kuchoma, bati limekula kutu, kenchi tatu za paa zimeliwa na mchwa, nikazibadilisha kabla ya kupandisha paneli. Mama yake, Bibi Tusekile, alikuwa anaishi humo peke yake. Alinipikia viazi na maharage, akanishikia ngazi kwa mikono miwili huku anaimba. "Sasa nitasoma Biblia yangu mwenyewe," aliniambia, "nimechoka kusomewa na jirani." Nilimpenda yule bibi.

Sasa sikia nilichofanya. Betri haitaki joto, na inataka mlango wa kufunga kwa sababu ya wezi. Nikazunguka vyumba vyote, nikasimama katika chumba cha bibi. Ukuta mnene, dirisha limeelekea mlimani, mlango wa mninga. Nikasema kwa majivuno ya kifundi, "Hiki ndicho chumba kizuri kuliko vyote."

Ambokile akacheka. "Umesikia, mama? Fundi mwenyewe kasema. Utahama kwa muda tu."

Kitanda kikatolewa siku ileile. Mimi nikajifanya niko bize na nyaya.

Baada ya wiki tatu ile mashine ya kugeuza umeme, niliyoifunga ukutani juu ya betri, ikaanza kulia, tukarudi. Vyumba vingine vyote Ambokile amewapangisha wafanyabiashara wanaovuka kwenda Malawi, kila kimoja na taa yake. Bibi nikamkuta jikoni, kile kibanda cha uani, amelalia magunia na anakohoa. Baridi ya huko mwezi wa sita unaisikia hadi kwenye mifupa. Jikoni hamna hata balbu moja. Chumba chake kina kufuli, na ufunguo Ambokile ameutia pamoja na wa gari lake.

Akaomba blanketi lake lililobaki mle ndani. Nililiona, limekunjwa juu ya sanduku, hatua mbili kutoka kwenye betri.

"Vumbi la blanketi litaua mashine," Ambokile alisema. "Si ndiyo, fundi?"

Nikasema ndiyo. Ni uongo mtupu, Zuhura, na nilijua ni uongo. Ni waya mmoja tu ulikuwa umelegea. Nikaukaza, akafunga kufuli.

Wakati naaga, bibi akanishika mkono. "Fundi, mwanangu, hiyo betri haisikii baridi humo?"

"Haisikii, bibi."

"Basi afadhali," akasema.

Sasa wewe unaniandikia kwamba mnataka sola kwenye nyumba ya mama mnamoishi naye hapo Kondoa, mama atahamia chumba cha uani "kwa muda", na mimi niwaambie betri ikae wapi. Hilo neno kwa muda nimeshalisikia, dada. Chumba cha mama nakijua, baba alikijenga kwa mawe, hakina joto. Kinafaa kabisa. Lakini siku nitakayosikia kitanda chake kimetoka, nitapanda basi na koleo langu, nitashusha kila kitu, na udugu wetu utaishia hapo. Betri iweke chumbani kwako wewe.

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu wa mashine ya kusaga. Mama msomee barua hii yote, usiruke kitu. Ukifika pale niliposema ndiyo, usipunguze sauti.

Ni mimi mdogo wako, fundi,
Shabani