Kifungo cha Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu kakosa! Yeye, wa kwanza tangu darasa la kwanza! Mtihani wa kemia, swali la mwisho: asidi hii ya fosforasi, H3PO3, yaweza kuachia hidrojeni ngapi? Kaandika mbili. Mwalimu kachora mkasi mwekundu wa kosa. Alama moja tu — na kwa alama hiyo nafasi ya mashindano ya sayansi inakwenda kwa mwingine.
Nikamwambia, hata mimi niliyeishia la saba naona H na tatu ubavuni. Tatu! Akajibu, mama, hujaangalia zimeshikwa wapi. Nikamfokea. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Juni
Binti kaja kwenye cherehani yangu, kachukua shati la mteja. Mama, vifungo hivi viwili vya kifuani vinafunguka? Vinafunguka. Na hiki cha mfukoni? Nikacheka: hicho pambo, kimeshonewa kitambaani moja kwa moja, hakifungui kitu. Basi ndivyo ilivyo, akasema. Hidrojeni mbili zimeshikwa na oksijeni, hizo zinaachia. Ya tatu imeng'ang'ania fosforasi yenyewe — haitoki ng'o!
Kumbe kuhesabu hakutoshi, sharti utazame mshono. Nimeelewa! Mimi! Kesho naenda shuleni.

Jumatano, 5 Juni
Nimevaa gauni la bluu. Mwalimu akasema mama, fomula ina tatu, nenda kashone. Kashone! Nikasema twende tukapime.
Mtunza maabara, mzee mpole, akaitilia asidi ile besi, dawa ya kuizima, tone kwa tone mpaka rangi ikageuka. Akapiga hesabu, akapiga tena. Mbili.
Hapo ningenyamaza. Wapi! Nikatoka maabara nikipaza sauti: jamani, mwanangu kamfundisha mwalimu wake! Walimu wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni
Alama haijarudishwa. Badala yake imekuja barua kutoka shuleni, imeshaandikwa, tutie sahihi tu. Binti aombe radhi kwa "kumvunjia mwalimu heshima na kubishia jibu sahihi." Jibu sahihi! Tukitia sahihi, jina lake linaingia kwenye mashindano. Tusipotia, basi. Orodha inafungwa saa tisa.
Nilimlea huyu kwa kumwambia, ukijua kitu, kiseme. Sasa nimwambie nini?
Yeye katia sahihi yake tayari. Mwandiko mzuri, haujatetemeka. Nikamuuliza, mwanangu, ni ngapi? Akasema, mama, leo ni tatu. Kisha kwa sauti ya chini: ni wewe uliyepiga kelele, si mimi.
Maneno hayo yamenichoma kuliko sindano.
Saa nane na nusu. Anafunga kamba za viatu mlangoni. Sare nimemshonea mwenyewe, vifungo vyote nimevikaza mara mbili. Ameinuka, ananyoosha mkono aipokee barua. Sijatia sahihi yangu. Kalamu ndiyo hii hii ninayoandikia haya—