Siku Uliyosema Mlima Umekuzidi

Mama Kulwa, mke wangu uliyelala Kinole,

Najua ungeanza kwa kuuliza Mnyamwezi kajifunza lini kuandika barua. Kaa kitako unisikilize. Huu ni mwezi wa kumi tangu tukuzike, na Jumamosi iliyopita nimewapeleka tena kidato cha tano msituni Uluguru, ile ziara ya baiolojia ya kila mwaka. Mkuu wa shule alitaka kumpa kazi hiyo mwalimu mwingine. Nikakataa, kwa kiherehere changu unachokijua. Nimerudi na jambo moja kooni. Mazikoni nilishindwa kulisema, na juzi kaburini nikashindwa tena, kwa hiyo naliandika.

Nianzie mbali kidogo, maana nikianzia penyewe sitafika.

Unaikumbuka ziara yangu ya kwanza? Nilikuwa mwalimu mpya kutoka Tabora, mwembamba kama chaki, na nilivaa koti jeupe la maabara kwenda msituni. Msituni, Mama Kulwa! Tulikuwa na ile fremu yetu ya mbao, mita moja kwa mita moja, unaitupa chini kisha unahesabu mimea iliyoingia ndani yake. Nikaitupa kwa madaha, ikaangukia mahali penye majani marefu mazuri. Nikawatangazia wanafunzi kwamba huo ni mmea wa porini, wa jamii ya tangawizi, na kila kundi ling'oe sampuli tano.

Ukatokea na tenga la ndizi kichwani.

"Nani kawatuma kung'oa iliki ya mjomba?"

"Samahani dada, tunachunguza mimea ya asili."

"Asili ya nani? Mjomba kaipanda masika yaliyopita! We mwalimu kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Ukatua tenga chini ili ucheke vizuri. "Ndiyo maana! Mnyamwezi jani analolijua ni tumbaku tu."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na heshima niliyokuja nayo kutoka chuoni ikaishia pale. Kwa kosa lile mjomba wako angeweza kunifikisha kwa mtendaji wa kijiji. Lakini Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu mababu, na mtani hashtakiwi. Anasemwa mpaka watu waumwe mbavu, basi yameisha. Ukanihukumu nipande upya kila mche kwa mikono yangu, wewe umesimama juu yangu ukikosoa. "Umezika sana, Mnyamwezi, hiyo si maiti." Koti lile halikuwa jeupe tena. Mwaka uliofuata nilirudi kwa mjomba wako na wazee wawili kuleta posa.

Tangu hapo tuliishi ndani ya utani kama watu wanavyoishi ndani ya nyumba. Chumvi ikizidi ni Uluguru, nikisahau funguo ni Unyamwezi. Ulipojifungua mapacha, hata jasho halijakauka, ukaniambia, "Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama. Lakini nakuonea huruma, wewe chukua majina." Ndipo wakawa Kulwa na Doto, Waluguru wenye majina ya Tabora. Hata tulipogombana kweli, mmoja alitupa neno la utani mlangoni na mwingine akalidaka, ugomvi ukafia hapo. Niliona tumebahatika. Sikufikiri kwamba watu wanaoweza kucheka juu ya kila kitu wanaweza siku moja kukosa lugha ya kusemea jambo zito.

Kila mwaka ulikuja na sisi msituni kama mlezi wa wasichana. Watoto walikuamkia "Shikamoo Mama" kwa sauti ndefu, mimi nikipata kipande cha shikamoo kilichobaki. Nilikuwa na kitabu cha kutambulia mimea, kizito kama tofali. Wewe ulisugua jani kwenye viganja, ukanusa, ukalitaja jina lake kwa Kiluguru na ugonjwa linaotibu. Wanafunzi waliandika maneno yako. Yangu waliyaandika mkuu wa shule alipokuwa karibu.

Sasa nafika penyewe.

Mwaka jana, tulipoyapita mashamba ya mwisho na njia ikaanza kusimama wima, ulikaa juu ya jiwe. Wanafunzi arobaini walikuwa nyuma yetu. Ukashika kifua, ukasema taratibu, "Baba Kulwa, leo mlima umenizidi. Niacheni hapa, mtanikuta mkirudi."

Nilikuwa na filimbi shingoni. Nikaipuliza. "Jamani, fungueni madaftari! Andikeni: leo tumegundua spishi mpya duniani, Mluguru asiyeweza mlima!"

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Na wewe ukacheka. Mkono bado uko kifuani, ukacheka, ukasema, "Yaani mtu wa tambarare anicheke mimi kwenye mlima wa bibi yangu? Nipishe!" Ukasimama. Ukapanda mpaka kwenye maporomoko, ukipumzika kila hatua chache, ukijidai unawaonyesha wasichana vinyonga. Na mimi nilikuwa mbele, najiona mtani hodari.

Jioni nyumbani ulivua viatu, na mikanda yake ilikuwa imeacha mitaro miguuni. Nikasema, "Miguu ya tembo hiyo, tungeihesabu kwenye fremu." Ukanirushia kiatu kimoja. Hukukirusha kwa nguvu.

Mke wangu, mimi nafundisha moyo. Kila mwaka nachora ubaoni vyumba vyake vinne, chaki nyekundu na chaki ya bluu. Nawaambia watoto kwamba moyo ukichoka kusukuma damu, mtu hukosa pumzi kwenye mwinuko na maji hujaa miguuni. Nimelitungia swali la mtihani. Nimewanyima alama watoto waliolisahau. Nawe uliniletea jibu lake ndani ya nyumba yangu, nikalitania.

Miezi miwili baadaye, hospitalini, daktari kijana alinieleza kwa adabu. Mlima haukukuua, alisema. Moyo wako ulikuwa umechoka muda mrefu. Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza, "Ila angeletwa mapema kidogo, Mwalimu, tungekuwa na la kufanya." Alikuwa anasema ukweli tu. Sina kinyongo naye. Neno lile "kidogo" nimelala nalo tangu siku hiyo.

Ukoo wako ukakuchukua kukuzika Kinole kwenu, kama desturi, na mimi nikafuata nyuma ya jeneza kama mgeni. Mazikoni watani walifanya kazi yao. Mmoja alijilaza karibu na kaburi akidai hatoki mpaka Waluguru wamlipe ndipo jeneza lipite, waliolia wakacheka huku wanalia. Halafu mjomba wako akanigeukia mbele za watu: "Haya, Mnyamwezi. Mtani mkubwa ni wewe. Leo huna neno?" Nilifungua mdomo. Kilichonijia ni ile spishi mpya, Mama Kulwa. Hakuna kingine kilichokuja. Nikafunga mdomo, watu wakaniacha wakidhani ni uchungu.

Jumamosi iliyopita nilipanda nikiwahesabu watoto kama kuku. Palepale mashamba yanapoisha, msichana mmoja, Rehema, akabaki nyuma. Wenzake wakaanza, "Rehema mzigo! Rehema bibi!" Nikapuliza filimbi kwa nguvu iliyowatisha hata waliokuwa kimya. Nikashuka mpaka alipokuwa, nikamwambia akae.

"Kifua kinabana?"

"Hapana, Mwalimu."

"Miguu je, inavimba? Nionyeshe. Useme kweli, hakuna atakayekucheka."

Akanitazama kwa hofu, kisha akainamisha kichwa. "Mwalimu, samahani. Ni uvivu tu."

Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mti. Nikamwambia uvivu nao unaruhusiwa leo. Nikawatuma wengine watangulie na mwalimu mwenzangu, mimi nikakaa naye. Akauliza, "Mwalimu, wewe ndiye unayeumwa?" Nikasema vumbi limeniingia machoni. Msitu wenyewe ulikuwa unadondosha maji. Naye, mtoto mwenye adabu, akasema, "Ndiyo, Mwalimu, vumbi ni jingi."

Tuliposhuka nilimwomba mwenzangu aende na watoto hadi kwenye basi, nikapita Kinole kaburini kwako. Mjomba wako, mzee sasa, alinisindikiza akaniacha. Nikasoma Fatiha. Nikataka kusema. Kila nilipoanza, neno lilinitoka likiwa limevaa kichekesho, kwa mazoea ya miaka yote hiyo. Nikaona aibu mbele ya udongo, nikaondoka.

Kinachonitafuna ni kicheko chako pale juu ya jiwe. Je, nilikuchekesha kweli? Au ulicheka ili mumeo asiaibike mbele ya wanafunzi wake, ukainuka ukabeba moyo mgonjwa mpaka juu kwa sababu mtani akitupiwa neno hawezi kuliacha lianguke? Nimejiuliza hili nikisahihisha madaftari, nikipika ugali wangu mbovu, nikiongea na mapacha kwenye simu. Wao sijawaambia. Nitawaambia wakija likizo, maana ni mama yao, na wana haki ya kunikasirikia.

Uliniambia umechoka, nami sikukusikiliza. Ulinihitaji niwe mume kwa dakika moja tu, nikachagua kuwachekesha watoto. Nisamehe, Zuhura. Sikutanii.

Mumeo,
Baba Kulwa