Baba, Kifaa Chako Kimefika Kibaoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuna jambo nimelifanya kwa jina lako, na nisipokuambia halitanitoka moyoni.

Unaukumbuka msimu ule tulipokwenda Sibwesa kumsaidia shangazi kupukuchua mahindi. Mvua zilikuwa zimechelewa kuisha. Alikuuliza kama yanafaa kuwekwa kwenye magunia, nawe ukachukua punje moja, ukaing'ata. "Yamekauka, dada. Weka tu." Kila mtu hupima hivyo, kwa meno. Miezi michache baadaye Eliza, kitinda mimba wake, aliumwa tumbo, macho yakawa ya manjano, akafia hospitalini. Daktari alisema ni sumukuvu, sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Shangazi hakukulaumu hata siku moja. Ulijilaumu mwenyewe.

Tangu hapo redio za watu zilijaa vumbi kwenye kibanda chako cha ufundi pale Nsemulwa. Miaka miwili ulihangaika na kifaa kimoja tu: misumari miwili ya kuchoma kwenye gunia, betri, taa ya kijani kwa mahindi makavu na nyekundu kwa yenye unyevu. Kilipokubali, ulinikabidhi daftari la michoro ukasema nimpe yeyote atakayeitaka.

"Baba, watatuibia."

"Waibe. Mimi nataka waibe."

Sikukusemesha wiki nzima. Wiki hiyo ndiyo ninayoijutia kuliko zote, kwa sababu mavuno yaliyofuata hukuyaona.

Mwaka huu nilipata moyo. Niliiweka michoro yote kwenye mtandao, nikachukua kifaa na daftari nikaenda navyo sokoni Kibaoni. Nilieleza habari za waya na betri, nikasema yeyote anaweza kutengeneza cha kwake bila kutuomba ruhusa. Watu walinitazama, wakapita. Mama mmoja wa Kisukuma ndiye aliyesimama.

"Mwanangu, kama ni bure, nyie mnapata nini?"

Nilimwambia ukweli. Nilimsimulia habari za Eliza na punje uliyoing'ata. Nilikutaja kwa jina. Waliokuwa wanapita wakasimama. Yule mama akatua mzigo wake chini, akasema taratibu, "Nionyeshe."

Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe. Ulikwenda nalo kaburini, mimi nikalisema sokoni.

Siku hiyo fundi mmoja kijana wa huko, Masanja, aliipiga picha michoro yako kwa simu. Baada ya mavuno alikuja mpaka Nsemulwa na kifaa alichojitengenezea. Alikunywa chai yote kwanza ndipo akasema.

"Dada, usinielewe vibaya. Asubuhi kukiwa na baridi, taa inawaka kijani hata kama mahindi hayajakauka."

Nilikasirika, baba. Nilimwambia atakuwa amekosea kuunga waya. Alisema tungoje baridi ya alfajiri. Kesho yake alfajiri tukakijaribu chako, kile ulichokiunga kwa mikono yako, kwenye mahindi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyalowesha. Taa ikawaka kijani. Nilimwomba Masanja radhi palepale uani.

Masanja alikuwa ameshawazuia majirani zake wasiweke mahindi ghalani kwa kuamini taa ile. Alikuwa ameongeza kipimo kidogo cha joto, na mchoro mpya aliuleta amekwisha kuuchora. Tukauweka kwenye mtandao. Kisha nikaenda redioni hapa Mpanda, kwa ajili ya wote waliotengeneza kama kile cha kwanza, nikasema kwa kinywa changu kwamba baba yangu alikosea, na jinsi ya kurekebisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiongea na wewe njia nzima. Safari hii kosa lako limeonekana kabla mtu hajala.

Pumzika sasa, baba.

Binti yako mkubwa